Koti la Mpimaji Mkuu wa Macho

Kuna nchi moja ambayo jina lake silitaji, si kwa woga, bali kwa sababu wenyewe wanalitaja vya kutosha: kwenye noti, kwenye fulana za uchaguzi, na kwenye magunia ya mahindi ya msaada. Ni nchi yenye sifa nyingi, lakini sifa yake kubwa ni heshima. Mdogo hamwambii mkubwa "hapana". Mdogo hamwambii mkubwa "umekosea". Mkubwa akimwaga chai, mdogo ndiye anayeomba radhi kwa niaba ya kikombe. Daktari kijana akimpima mzee akamkuta anaungua kwa homa, huandika kwamba kipimajoto kimezidiwa.

Kwa heshima hiyo nchi ilikaa kwa amani miaka mingi, na ingeendelea kukaa hivyo kama si utepe.

Siku hiyo Waziri wa Barabara, Mheshimiwa Dakta Injinia Mbaruku Zengwe, alikuwa anafungua barabara. Barabara yenyewe ilikwisha kufunguliwa na mawaziri waliomtangulia, kila mmoja kwa nia njema kabisa, na kila mara ikajifunga tena mvua zilipokuja. Mheshimiwa alikuwa ameshika mkasi. Bendi ilikuwa imejaza mashavu pumzi. Ndipo akatokea mzee mmoja na gari lake kuukuu, akapita katikati ya zulia, akaukata utepe kwa boneti, akaendelea na safari yake huku utepe ukipepea kwenye kioo cha pembeni. Wananchi wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya ratiba. Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Mheshimiwa akabaki na mkasi.

Kituoni mzee aliulizwa, "Babu, hukuuona utepe?"

"Niliona kitu chekundu mbele. Nikajua jua linazama."

"Saa nne asubuhi, babu?"

"Ndiyo maana nikakaza mwendo."

Usiku ule ule Mheshimiwa alihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "kukata utepe bila mkasi wa serikali ni jaribio la kuipindua ratiba. Tunajiuliza: je, mzee yule alikuwa haoni? Na kama alikuwa haoni, kibali cha kutokuona alikipata wapi? Kuanzia leo, hakuna mzee atakayeiona barabara kabla serikali haijaona kwamba anaona."

Kesho yake wizara ikabadilishwa jina. Ikawa Wizara ya Barabara na Macho.

*

Sheria ilikuwa nyepesi. Mwenye miaka sabini na kuendelea, akitaka kuhuisha leseni ya udereva, apimwe macho kwanza. Vikanunuliwa vibao vya herufi, wakaajiriwa wapimaji vijana wenye macho makali kama sindano, na kazi ikaanza.

Mpimaji wa kwanza alikuwa binti aitwaye Afande Sikudhani. Mzee wa kwanza aliingia, akasimama mbele ya ubao wa herufi, akauambia, "Hujambo, mjukuu wangu?"

Afande Sikudhani akauangalia ubao. Akamwangalia mzee. Akajibu kwa niaba ya ubao, "Sijambo, shikamoo babu."

"Marahaba. Haya, nipimeni."

"Hii hapa ni nini, babu?" Akagusa herufi kubwa kuliko zote.

"Ng'ombe."

"Ndiyo, babu," alisema Afande Sikudhani. "Tena amenona."

Akamgongea muhuri. Angefanyaje? Amwambie mtu mwenye umri wa babu yake mzaa mama kwamba amekosea? Watu wangesema kwao hakuna wazee.

Basi wakapita wote. Alipita aliyesoma ubao akiwa ameugeuzia kisogo. Alipita aliyeusoma kwa kuupapasa. Na taifa likajivuna kwamba wazee wake wanaona kuliko wazee wote duniani, mpaka mmoja wao alipoingia na gari ndani ya ukumbi wa wizara yenyewe, akaegesha mbele ya meza ya mapokezi, akashusha kioo, akaomba ajaziwe dizeli.

Waraka wa pili ukatoka siku hiyo hiyo: mpimaji sharti awe na umri mkubwa kuliko anayepimwa, ili amwambie ukweli bila kumvunjia heshima.

Wakaitwa wastaafu. Lakini mpimaji naye lazima auone ubao, la sivyo atajuaje mwenzake amepatia? Kwa hiyo naye apimwe kwanza, na mkubwa wake. Na huyo mkubwa apimwe na mkubwa zaidi. Wizara ikapanda ngazi ya umri, daraja baada ya daraja, hadi juu kabisa. Huko ikamkuta Mzee Mwinyimkuu Kirobo, mwenye miaka mia moja na kumi na miwili, mtumishi wa wizara tangu enzi za mkoloni. Hakuwa amestaafu, kwa kuwa hakuna mdogo aliyethubutu kumwambia astaafu. Yeye hakuwa na haja ya kupimwa: hana mkubwa, kwa hiyo anaona.

Mshahara wake ulitoka kila mwezi, na kila mwezi ulipokelewa kwa niaba yake na Katibu wa Kituo cha Macho, Bwana Mashauri Kebwe. Mzee mwenyewe hakuna aliyekumbuka kumwona. Lakini katika nchi ile anayelipwa mshahara yupo. Wanaotiliwa shaka kuwa hawapo ni wale wasiolipwa.

Na wenye shaka walionyeshwa kiti chake. Kiti kilikuwa kwenye jukwaa, mwisho wa ukumbi wa Kituo, chini ya feni, na mgongoni mwa kiti palitundikwa koti la kahawia lenye mabega mapana. Ofisi za nchi ile ndivyo zilivyo: koti likiwa kwenye kiti, mwenye koti yupo, ametoka kidogo.

*

Sasa tuje kwa Mzee Mkumbukwa Dihenga.

Huyu alikuwa dereva wa malori ujana wake wote, na uzeeni akajinunulia pikapu ndogo ya buluu ambayo aliipenda kiasi cha kuiita kwa jina. Umri wake sabini na minne. Mkewe, Bi Sanura, alikuwa hajaona kitu kwa miaka mingi kwa sababu ya mtoto wa jicho, na mwezi ule alifanyiwa operesheni katika hospitali iliyo ng'ambo ya mji.

"Kesho wananifungua bandeji," Bi Sanura alimwambia kitandani pale. "Nataka cha kwanza nikuone wewe. Nijue umezeekaje."

"Utajuta, Sanura."

"Nitajuta nikiwa naona. Usichelewe."

"Nitachelewa vipi, na gari ninalo? Nitakuja nikuchukue nikurudishe nyumbani."

Njiani kurudi nyumbani alisimamishwa na trafiki kijana, ambaye aliitazama leseni yake kwa huzuni kubwa. "Babu," alisema, "leseni yako imechoka kidogo. Ikifika kesho, itakuwa imelala kabisa."

Mzee Mkumbukwa hakutaka kumfuata mkewe na leseni iliyolala. Akapiga kona kwenda Kituo cha Macho. Aliwaza ataingia, atasoma herufi zao mbili tatu, atatoka.

Getini mlinzi alimpokea leseni kwa mikono miwili, akampokea na simu. Simu zilikuwa zimepigwa marufuku tangu mzee mmoja alipokutwa anasomewa ubao na mjukuu wake aliye mkoani.

Kituo kilikuwa na milango mitatu. Mmoja wa kuingilia, ulioandikwa WATAKAOONA. Miwili ya kutokea: WALIOONA na WASIOONA. Mwenye kutoka kwa mlango wa WASIOONA alipaswa kusindikizwa na mtu ambaye macho yake yamethibitishwa, maana serikali haiwezi kumwachia barabarani mtu ambaye yenyewe imeandika kwamba haoni.

Mzee Mkumbukwa aliukuta ukumbi umejaa wazee, na mikeka, na majiko ya mkaa, na kamba za kuanikia nguo. Mzee mmoja mnene, aitwaye Chambuso, alisogea kwenye benchi kumpisha.

"Karibu, bwana mdogo. Godoro lako liko wapi?"

"Godoro la nini? Mimi nina haraka."

Benchi zima liliangua kicheko, hata mmoja wao akapaliwa ikabidi apigwe mgongoni.

"Na mimi nilikuja na haraka yangu," alisema Mzee Chambuso. "Niliiweka hapo chini ya benchi. Hebu inama uangalie kama bado inapumua."

Kisha akamweleza mambo yalivyo. Wote wanamsubiri Mpimaji Mkuu. Mpimaji Mkuu akiwapima wale wastaafu, wastaafu watawapima wao. Wakati wakisubiri wamejipangia utawala: benchi la mbele ndilo serikali, yeye Chambuso ndiye mwenyekiti, na benchi la karibu na choo ndilo upinzani.

"Na huyo Mpimaji Mkuu anafika lini?"

"Anafika?" Mzee Chambuso akamshangaa. "Si yule pale amekaa!"

Mzee Mkumbukwa akakaza macho. Kweli, mbali kule jukwaani aliona umbo la kahawia, lenye mabega, limetulia kwa utulivu wa mtu mkubwa.

"Hapimi?"

"Anajiandaa."

Mzee Mkumbukwa akainuka kurudi alikotokea. Mlinzi akamzuia kwa upole usio na kifani.

"Babu, leseni yako imeshaingia ndani. Kisheria na macho yako yameingia nayo. Nikikuachia ukagongwa hapo nje, nitaandika nimemtoa nani? Aliyeona hujawa. Asiyeona hujawa. Utakuwa umekufa bila cheo."

*

Asubuhi iliyofuata, siku ya bandeji, Mzee Mkumbukwa aliamua kumwendea mkubwa mwenyewe. Alinawa uso, akafunga vifungo vyote vya shati, akapanda jukwaani. Pembeni ya kiti alisimama Bwana Mashauri Kebwe, yule Katibu, mtu laini laini, tai yake imemkaba shingo. Nyuma yao alisimama Afande Sikudhani, macho yake sakafuni.

"Shikamoo, mzee," alisema Mzee Mkumbukwa.

Feni ikazunguka. Koti likainua bega moja taratibu, likalishusha.

Moyo wa Mzee Mkumbukwa ukatulia. Alikuwa ameitikiwa.

"Mzee wangu," alisema, "mimi siji kulalamika. Mke wangu anafunguliwa bandeji leo. Amekaa gizani mpaka amesahau rangi ya chumvi. Alikuwa ananiuliza, Mkumbukwa, sasa hivi pameshakucha? Mimi namjibu. Leo kwa mara ya kwanza hataniuliza, na mimi sipo. Nilimwahidi. Hata kama macho yangu ni mabovu, niambie ni mabovu niende zangu kwa miguu. Niambie lolote, mzee wangu. Nakupigia magoti."

Na kweli akapiga magoti, yakalia kama milango miwili mibovu. Afande Sikudhani akauma mdomo, akageukia ukutani.

Feni ikazunguka. Mkono mmoja wa koti ukapepea.

"Amekusikia," alisema Katibu Kebwe.

"Mbona hasemi?"

"Mzee, mtu wa umri huu akifungua mdomo, ujue nchi imeharibika. Akinyamaza, mambo yanaenda."

Mambo yakaenda. Mchana wake alifika Mheshimiwa Waziri, na kamera, kuona maendeleo. Wazee walipangwa kwa urefu, wakapewa vibendera.

"Nimesikia uvumi," alinguruma Mheshimiwa Zengwe, "kwamba hapa kuna wazee waliofungwa. Nataka niseme mbele ya kamera: hapa hakuna aliyefungwa! Aliyefungwa anajua tarehe ya kutoka. Je, kuna anayejua tarehe yake hapa?"

"Hakuna!" wakaitikia wazee.

"Mmeona! Hawa ni watu huru wanaosubiri. Na kusubiri ni kazi. Ndiyo maana takwimu zetu za ajali zimeshuka: madereva wote hatari tumewaweka hapa, na wasio hatari tumewaweka nao ili wawatazame."

Mzee Mkumbukwa akanyoosha kibendera. "Mheshimiwa, mke wangu yuko hospitali ng'ambo ya mji, anafunguliwa macho saa hii. Naomba niende nirudi."

Mheshimiwa akashika kifua. "Jamani! Mke anafunguliwa macho, mume anapimwa macho. Familia moja, macho manne, yote mikononi mwa serikali! Mwandishi, umelinasa hilo?" Kisha akamgeukia Katibu. "Mpeni mzee huyu redio."

Akapewa redio. Haikuwa na betri, lakini picha ya makabidhiano ilitoka vizuri.

*

Ng'ambo ya mji, Bi Sanura alifunguliwa bandeji. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa kijana mwenye kipara na koti jeupe.

"Mkumbukwa," alisema Bi Sanura, "nywele umezipeleka wapi?"

"Mimi ni daktari, bibi."

"Na mume wangu yuko wapi?"

Daktari alikuwa kijana. Hakuweza kumwambia mkubwa wake kwamba hajui. "Yuko njiani, bibi," alisema. Na Mzee Mkumbukwa akaendelea kuwa njiani mpaka kitanda kikahitajiwa na mgonjwa mwingine.

Bi Sanura akafunga kanga zake, akatoka kwa miguu. Alijua mumewe alivyo: leseni ikikaribia kuisha hapati usingizi. Alitembea akisoma kila bango kwa sauti, mabango ya soda, ya saruji, ya waganga, kwa raha ya mtu aliyekutana na jamaa zake wote waliopotea. Aliipita ile barabara iliyofunguliwa mara nyingi, akaizunguka shimo kwa shimo. Getini pa Kituo cha Macho mlinzi alitaka kumwonya, lakini ni mama mtu mzima.

"Mama, humu ukiingia, kutoka ni..." alitafuta neno la adabu, "...ni baadaye."

"Nimekaa gizani miaka, mwanangu. Baadaye naijua."

Akaingia. Akatazama benchi la kwanza, la pili, akasimama.

"Mkumbukwa."

Mzee Mkumbukwa akaruka. "Sanura!" Akaikimbilia nguzo ya ukumbi, akaishika.

"Huku, baba. Hiyo ni nguzo."

Akageuka. Bi Sanura alimtazama kutoka kwenye mvi mpaka kwenye kandambili, na benchi zote mbili, serikali na upinzani, zikanyamaza kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Umezeeka vizuri," alisema hatimaye. "Nilitegemea vibaya zaidi."

"Nilitaka niwe wa kwanza, mama. Walinizuia."

"Wa kwanza alikuwa daktari, ana kipara. Usijali, hujakosa kitu. Haya, twende nyumbani."

"Hatuwezi mpaka mkubwa aseme. Lakini umekuja vizuri, akituona wawili atalegea." Akamshika mkono, akampandisha jukwaani, akainama. "Shikamoo, mzee. Huyu ndiye mke wangu niliyekueleza. Sanura, mwamkie mkubwa."

Bi Sanura hakuamkia.

"Mkumbukwa."

"Naam."

"Unaongea na nani?"

"Na Mpimaji Mkuu."

"Hilo ni koti."

Pale ukumbini hata uji uliokuwa jikoni uliacha kuchemka. Mzee Chambuso ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mama, taratibu, mkubwa anasikia! Juzi nilimweleza habari ya mgongo wangu, akatikisa kichwa. Nimeona mwenyewe."

"Kichwa gani? Halina kichwa. Ni koti, limetundikwa kwenye kiti, lina kiraka kwenye kiwiko." Akamgeukia Afande Sikudhani. "Mwanangu, wewe una macho. Unaona nini hapa?"

Afande Sikudhani alikuwa analia. "Koti, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, bibi. Mimi ndiye ninayelipiga pasi."

"Na ukanyamaza?"

"Wazee walikuwa wameshaliamkia, bibi. Ningesema nini? Kwamba watu wazima wote hawa wamekosea? Mimi ni nani?"

Benchi la upinzani likapaza sauti kwamba lilijua siku nyingi. Mzee Chambuso alifikiri sana, akasema, "Hata kama ni koti, tumeshaliamkia. Haliwezi kuwa koti tu."

Katibu Kebwe alikuwa ameloa jasho mpaka tai. Lakini hakuwa Katibu bure. Alifuta uso, akainua mikono juu kama mtu aliyeletewa mvua.

"Alhamdulillahi! Imetimia! Ndugu wazee, Mpimaji Mkuu kabla hajatoka kidogo aliniachia agizo: atakuja mama mmoja, ataliona koti langu kuwa koti. Huyo ndiye mwenye macho. Mkaimisheni! Mama, wewe sasa ni Kaimu Mpimaji Mkuu wa Macho wa Jamhuri. Tatizo ni umri tu. Sheria inataka uwazidi, na katika nchi hii mke siku zote ni mdogo kwa mumewe."

Bi Sanura akamtazama mumewe.

"Mkumbukwa ana sabini na minne," alisema. "Mimi ninakwenda sabini na saba. Marehemu baba alinipunguza siku ya posa, ili niolewe."

Mzee Mkumbukwa akakaa chini. "Sanura! Kwa hiyo miaka yote hii naagiza maji ya kuoga kwa dada yangu?"

"Na yakija baridi unagomba."

Wazee wakapiga vigelegele na makofi. Wale waliokuwa na umri mkubwa kuliko wa Bi Sanura walijipunguza hapo hapo, ili wasije wakakosa mpimaji. Afande Sikudhani akaleta kiti cha pili, akakiweka kando ya kile chenye koti, maana mwenye koti alikuwa bado ametoka kidogo.

"Mtahiniwa sharti amwamkie mpimaji," Katibu alikumbusha.

Mzee Mkumbukwa akasimama mbele ya mkewe. Akakohoa. Akaangalia dari. "Shikamoo," alisema, kwa sauti ya kumeza.

"Sijasikia."

"Shikamoo, Sanura!"

"Marahaba, mume wangu. Haya, hii ni nini?" Akagusa herufi kubwa kuliko zote.

Mzee Mkumbukwa akakodoa. Akasogeza kichwa kushoto, akakisogeza kulia. Sasa hakukuwa na utani tena. Akisoma, mlango wa WALIOONA utafunguka, atachukua pikapu yake, atakwenda. Alinong'ona, "Sanura. Sema tu nimepatia."

"Hujasema kitu bado."

"Sema nimesema."

"Mkumbukwa, ile herufi ni kubwa kama sinia. Huioni?"

Akanyamaza. Kunyamaza kule Bi Sanura alikuelewa polepole, kama mtu anayesikia maji yakipanda.

"Tangu lini?"

"Kidogo kidogo. Miaka."

"Na ulikuwa ukinipeleka sokoni? Msibani? Kliniki? Mimi sioni, wewe huoni, tulikuwa tunafikaje?"

"Kwa mazoea," alisema Mzee Mkumbukwa. "Na watu walikuwa wanatupisha."

Bi Sanura aliushika muhuri muda mrefu. Mumewe alimnyooshea kiganja, kama mtoto anayeomba andazi. Katibu alisogea akanong'ona kwamba kwa mume wa Kaimu hakuna ubaya, serikali ina huruma. Ukumbi mzima ulikuwa tayari kutazama pembeni, na hiyo ni kazi waliyokuwa wameizoea.

"Huoni, baba," alisema Bi Sanura, na akagonga muhuri wa WASIOONA.

*

Wapimwaji waliofuata walikuwa wengi, na karibu wote hawakuona. Aliyeona vizuri ni mzee mmoja wa benchi la upinzani, Ngwenje, mkimya, ambaye kumbe aliliona koti tangu siku ya kwanza ila aliogopa kuitwa mchochezi. Alipogongewa muhuri wake alimwendea Mzee Mkumbukwa.

"Macho yangu yamethibitishwa. Nitakusindikiza. Tutoke, bwana, kabla hawajaandika waraka mwingine."

Mzee Mkumbukwa akainuka. Akamgeukia Katibu. "Na mke wangu?"

"Kaimu?" Katibu Kebwe alitabasamu. "Kaimu yuko kazini. Watu wanaletwa kutoka mikoa yote, katika Jamhuri nzima ni yeye peke yake mwenye umri na macho. Akitaka ruhusa, aandike barua kwa mkubwa wake."

"Mkubwa wake ni nani?"

Katibu akalinyooshea koti mkono, kwa heshima.

Mzee Mkumbukwa akakaa tena kwenye benchi. Nafasi yake ya kusindikizwa ikachukuliwa na Mzee Chambuso, mwenyekiti wa serikali, aliyeshikwa mkono na upinzani wakatoka pamoja kwa mlango wa WASIOONA bila kugeuka nyuma.

Siku hizi benchi la Mzee Mkumbukwa limesogezwa mpaka chini ya jukwaa. Foleni ikipungua, Bi Sanura huchungulia dirishani, na mumewe humuuliza habari za nje.

"Ungesema tu naona," alimwambia siku moja. "Sasa hivi tungekuwa nyumbani."

"Tungekuwa mtaroni."

"Mtaro wa jirani na nyumbani, lakini." Wakacheka kidogo. "Hebu tazama, pikapu yangu ipo?"

"Ipo. Ina kuku juu. Na kuna trafiki anaibandika karatasi kiooni."

"Ya nini?"

"Nimemuuliza. Anasema imeegeshwa muda mrefu na dereva hajulikani alipo."

"Mwambie nipo humu!"

"Nimemwambia. Anasema anajua, alikuona unaingia. Ila mkubwa wake ameshaandika kwamba hupo."

Mzee Mkumbukwa alifikiri. "Ni kijana, huyo trafiki?"

"Kijana kabisa."

"Na macho yake yakoje?"

Bi Sanura aliegemea dirisha, akamtazama vizuri yule kijana, ambaye naye alikuwa akimtazama.

"Mazima," alisema. "Anaona kila kitu."

"Basi," alisema Mzee Mkumbukwa, akavua kandambili akainua miguu juu ya benchi, "huyo hawezi kutusaidia. Mwite anayefuata."